Ukurasa wa Kumi na Nne

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine humu ndani.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya kata, huku kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Bulyanhulu. Vitabu havitutoshi. Siku moja tukaitwa kwenye semina ya kutengeneza vitabu huria, yaani vitabu vya bure ambavyo yeyote anaruhusiwa kuvinakili na kuvigawa. Tukafundishwa kutumia akili mnemba, ile programu ya kompyuta inayokuandikia ukiiagiza, ili kazi iende haraka. Mwezeshaji alisisitiza kwamba kila ukurasa usomwe na mwalimu kabla haujatoka. Niliandika hilo kwenye daftari, nikalipigia mstari.

Niliporudi nikaiagiza akili mnemba iniandikie kijitabu cha kemia ya dhahabu kwa Kiswahili chepesi, nikaenda kunywa chai. Nilikikuta tayari, kurasa arobaini. Nikasoma tatu za mwanzo. Zilikuwa nzuri kuliko ninavyoandika mimi, nikaona aibu kuendelea kumkagua aliyenizidi. Nikaweka jalada la kijani, nikaandika "Kimeandaliwa na Mwalimu" pamoja na majina yangu yote matatu, nikakirusha kwenye magrupu ya walimu. Pongezi zikamiminika. Nilizipokea zote.

Jirani yangu, Mama Kulwa, anaosha dhahabu mwaloni, pale wachimbaji wanapooshea mchanga wao. Binti yake Kulwa ni mwanafunzi wangu. Mama huyu alikuwa na mikono ya kusifika: akitikisa karai taratibu, mchanga unatoka na maji, dhahabu inabaki. Walioshindwa walimpelekea yeye mchanga wao.

Dhahabu ikishakamatwa na zebaki, huchomwa motoni ili zebaki itoke. Moshi wake ni sumu. Mama Kulwa miaka yote alichomea nje, mbali na nyumba, akiupa upepo mgongo. Aliyemfundisha ni marehemu mumewe, ambaye hakuwahi kuingia darasa la kemia.

Kulwa akapeleka kijitabu changu nyumbani. Ukurasa wa kumi na nne ulisema uchomaji ufanyike ndani ya chumba chenye hewa ya kutosha, madirisha yakiwa wazi. Labda ni sawa huko kwenye maabara zenye mitambo ya kuvuta moshi. Chumba chenye dirisha alichonacho Mama Kulwa ni jiko. Akahamishia kazi humo, palepale anaposongea ugali, akafungua dirisha kama kitabu kilivyoagiza.

Na mimi nilimwona. Hapo ndipo panaponiuma.

"Mama, siku hizi unachomea ndani?"

"Si umetuandikia mwenyewe, Mwalimu? Tena nje kila mtu anachungulia ulichopata. Humu nimetulia."

Nikaenda nyumbani, nikafungua ukurasa wa kumi na nne kwa mara ya kwanza. Nikaiuliza akili mnemba kama ni sahihi. Ikaniomba radhi hapohapo na kunishukuru kwa kuligundua kosa. Mimi kuomba radhi kulinichukua miezi minne. Nilikuwa nimeshachaguliwa kwenda kuwafundisha walimu wa wilaya nyingine namna ya kutengeneza vitabu, nikajiambia nitarekebisha nikirudi. Nilirudi, na nikanyamaza.

Mikono ya Mama Kulwa ikaanza kutetemeka. Karai likamshinda, dhahabu ikawa inatoka pamoja na mchanga, na watu wakaacha kumpelekea. Kwenye zahanati muuguzi alimuuliza nani alimwambia achomee ndani. Akajibu ni mazoea yake tu. Kulwa ndiye aliyenisimulia hayo, akiniangalia usoni. Nilishindwa kumwangalia.

Nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ukae."

Akanimiminia chai, nusu ikaishia kwenye sahani. Nikamwambia yote. Aliniacha nimalize.

"Nilijua tangu siku ile ya zahanati," akasema. "Ningekutaja wangekufukuza, na Kulwa hajamaliza hiyo kemia yake. Ila niambie kitu kimoja. Wewe ulikisoma?"

"Hapana, mama."

"Mimi nilikisoma mara tatu."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi.

Daktari anasema huenda mikono ikapata nafuu, huenda isipate. Nimetoa toleo jipya, lakini la zamani bado linatembea, maana mwenyewe niliruhusu kila mtu kulinakili. Juzi mwalimu mmoja wa Geita alinitumia hilo la zamani, akanisihi nilisome, ni zuri mno.

Walimu wenzangu, msiweke jina kwenye kitu msichokisoma. Na wewe unayechoma zebaki, hata huko nje moshi ni sumu, sembuse jikoni. Nenda kaulize zahanati, usiniulize mimi. Ukikuta kijitabu chenye jalada la kijani, chana ukurasa wa kumi na nne.

Jina langu sitaliandika hapa. Liko kwenye jalada.