Chumba Nilichokatazwa Kuingia

Karatasi ya kanjo, wale watu wa baraza la mji, ilipigiliwa misumari mlangoni mwa baba mkwe wangu siku ya Jumatatu. Mume wangu alikuwa kibaruani Kericho, kwa hiyo mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti, nimesimama uani: paa limeoza, panya wamejaa, nyasi zimefika dirishani, nyumba irekebishwe kabla ya Ijumaa au ibomolewe. Mpaka wa mji wa Kisii ulikuwa umesogezwa hadi kwetu chini ya kilima cha Nyanchwa, na ghafla migomba yetu ikawa uchafu.

"Mimi nitatoka hapa nimebebwa," mzee alijibu kutoka ndani.

Nilicheka kidogo, nikadhani ni ukaidi wa wajane wa kiume. Tangu mama mkwe afariki, mzee aliishi peke yake. Nilimpikia na kumwekea chakula sebuleni, basi. Kwetu Wagusii mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe wake; akiingia, mzee halali humo tena. Na mimi nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja tu, naogopa hata kivuli cha mlango ule. Kila asubuhi nilisema, "Tata, uji," naye alikohoa mara moja. Hivyo nilijua baba yetu ameamka salama.

Ijumaa hakukohoa.

Nikaita tena. Wanaume wa jirani walikuwa wamekwenda mnadani na ng'ombe, na kabla sijapata wa kumtuma ndani, bwana afya akafika na vibarua wanne wenye mitaimbo. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, ameshika faili kwapani.

"Mama, humu mna mtu?"

Nikisema yumo, watamburuta kama mlevi mbele ya majirani. Nikisema hayumo, watamwangushia ukuta. Na je, kama amekufa?

"Sijui, bwana," nikasema. Jibu hilo la kijinga linaniuma mpaka leo.

Akapiga hodi, akachungulia sebuleni, akafunika pua. Hakufika nyuma ya kizuizi cha matete kilichotenga chumba cha kulala. "Hamna mtu," akawaambia vibarua, nao wakazunguka kuanza na ukuta wa nyuma, upande wa kitanda.

Mtaimbo wa kwanza ulipozama, udongo ukamwagika. Niliwaita wangoje, mshindo ukaimeza sauti yangu. Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baadaye. Nikaingia mbio.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, amevaa koti lake la kanisani na kofia, mikono magotini, vumbi likimwangukia mabegani. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akiwangoja. Aliponiona nimesimama kando ya blanketi lake, aliinamisha uso kama mtu aliyekutwa akioga.

Akainuka, akanipita bila kunigusa, akatoka. Nikamfuata kwa mbali. Vibarua waliomwona walishusha mitaimbo yao, na mmoja, kijana wa kwetu, akavua kofia.

"Bomoeni," mzee akamwambia bwana afya. "Hii si nyumba yangu tena. Bibi ya kijana yangu ameingia."

Akashika njia ya kwa ndugu yake, hakugeuka nyuma. Bwana afya hakuelewa maana ya maneno hayo. Alinijia akitabasamu, akanipa mkono.

"Ahsante, mama," akasema. "Umetusaidia sana."