Mshale Uliokwenda Kushoto

Rafiki yetu wa Rayners Lane, hapa London, amefariki dunia, na Ijumaa iliyopita tulimzika baada ya sala. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii watamkumbuka: ndiye yule Mpemba, karani wa ofisi ya mtaa, niliyepata kuwaandikia kwamba ana upinde wenye kitako na kifyatulio kama cha bunduki, na kwamba mkewe alimkataza kabisa kuuweka sebuleni. Nilikusudia kuandika kwa upole unaomstahiki maiti, lakini nimeshindwa. Nimetoka matangani nimefura, na nitaandika hivyo hivyo nilivyofura, maana marehemu mwenyewe alichukia kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Upinde ule aliununua kwa ajili ya nguruwe. Dada yake huko Pemba alikuwa na shamba la muhogo, na kila muhogo ulipokaribia kukomaa nguruwe mwitu waliingia wakalifukua lote. Yeye aliondoka kisiwani akiwa kijana, siasa zikamweka nje mpaka nywele zikaanza mvi, na mlango wa kurudi ulipofunguka, katikati ya miaka ya tisini, hakutaka kurudi na masanduku ya nguo za mtumba tu. Alitaka akalale shambani kwa dada yake, walau msimu mmoja, awe kaka. Kwa kuwa hapa Uingereza kuwinda kwa upinde ni marufuku, alijifunza kulenga shabaha tu, katika shamba la Mwingereza aliyewahi kufanya naye kazi, na Jumapili nyingi nilimsindikiza nikiwa na chupa yangu ya chai ya tangawizi.

Kwa zile ncha ndogo za mazoezi alikuwa hodari. Mishale ilijikusanya katikati ya shabaha. Siku alipofunga vyembe vya kuwindia, vile vipana vyenye makali ya wembe, mshale ulikwenda kushoto. Wa pili ukaenda kushoto zaidi, wa tatu ukapotelea majanini. Siku hiyo tulikuwa na jamaa yetu mmoja wa Edmonton, upande wa pili wa London, mtu asiyekosa maelezo ya jambo lolote. Akatikisa kichwa. "Yakhe, hii hasad, jicho la watu. Upinde umewaonesha watu wengi mno. Nenda kasomewe." Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. "Na hiyo hasad inajuaje lini nimefunga ncha ndogo na lini nimefunga kubwa?"

Mimi nilimshauri asogeze kidogo kulia ile darubini ya kulengea iliyo juu ya upinde, mambo yaishe, twende nyumbani kwani baridi ilikuwa inauma. Alinikaripia. "Nikisogeza darubini nitakuwa nimelizoea kosa, sijaliondoa." Basi akaanza kulitafuta, kitu kimoja kimoja, bila kugusa viwili kwa mpigo. Alipima vyembe kwenye mizani ya unga ya mkewe aone kama uzito ni sawa na wa ncha ndogo. Aliuzungusha kila mshale juu ya meza atazame kama kichwa kinayumba. Alikagua manyoya, akakaza skrubu zote, akarudi shambani, na mshale bado ukaenda kushoto. Nilidhani atakata tamaa. Jumapili nyingine akaligundua kosa, nalo lilikuwa mikononi mwake mwenyewe: alipokuwa akiuvuta ugwe, ile kamba ya upinde, ili kuutega, mkono wa kulia ulivuta kwa nguvu kuliko wa kushoto, kwa hiyo ugwe haukukaa katikati. Akatafuta kamba ya kuvutia yenye vishikio viwili, akatia alama ya kalamu kwenye ugwe, na vyembe vipana vikarudi katikati. Nakumbuka alivyonieleza huku akimimina chai yangu bila kuniuliza: "Chembe kipana kina mabawa, kikipata upogo mdogo kinaukuza. Lakini upogo ulikuwepo siku zote. Ncha ndogo ilikuwa ikinifichia tu."

Sasa nisikilizeni kilichonikasirisha. Safari ya Pemba iliahirishwa miaka na miaka, mara kwa uchaguzi wa kisiwani, mara kwa maradhi ya mkewe, mpaka mwaka huu alipokata tiketi. Juzi matangani binti yake, aliyezaliwa hapa hapa London, alinivuta jikoni. Kumbe tangu majira ya baridi baba yake alikuwa akisimama katikati ya ngazi za stesheni, mkono kifuani, akijifanya anasoma matangazo ukutani. "I told him, Ami. Nenda kwa GP, daktari wako, I'll come with you. He said people are jealous kwa sababu anakwenda home. Itapita." Nikamuuliza nani alimtia maneno hayo. Akatazama upande wa sebuleni, na kutoka huko nikaisikia sauti ya yule jamaa wa Edmonton akiwaeleza watu kwamba ni hasad, ile ile ya upinde, na kwamba yeye aliiona mapema.

Wallahi nilitaka kumtoa nje kwa ukosi. Msinifahamu vibaya: hasad naiamini, imo katika Kitabu, na kinga yake naisoma asubuhi na jioni. Ninachokikataa ni kuigeuza kabati la kufungia kila tusichotaka kukitazama. Sukari ikipanda, tumeonewa jicho. Mtoto akiacha shule, ni jicho. Na marehemu pia namkasirikia, Mungu amrehemu. Mtu aliyekataa kusogeza darubini kwa ajili ya mshale aliisogeza kwa ajili ya moyo wake! Sababu yake naijua: aliogopa daktari atamkataza kupanda ndege. Sisi ndio tuliompa jina zuri la woga ule, tukamsomea bila kumuuliza anaumwa wapi, tukamwitikia amin, na hakuna aliyemshika mkono kumpeleka. Dada yake ameambiwa kwa simu, na nguruwe wa Pemba hawajui kwamba wamepona.

Jana asubuhi simu yangu ililia. Alikuwa yule jamaa wa Edmonton, sauti yake chini. Kifua kinambana tangu alfajiri, akasema, na anahisi wazi kuna watu wamemkusudia, je, ningeweza kumsomea kidogo hapo hapo kwenye simu? Nilikuwa nimeshatafuta ufunguo wa gari.

"Nitakusomea njiani," nikamwambia. "Vaa koti, tunakwenda hospitali."