Kilima Kikali Kuliko Vyote

Mtembeza wageni wetu huwapeleka vilimani, ndani ya Pemba, ambako watalii wa fukweni hawafiki. Hupanda kwa kandambili, akiwacheka wenye mabuti wanaoteleza kwenye matope. Akiulizwa jina la kilima asichokijua, hukohoa, hufuta viganja vyake vyeusi kwa utomvu kwenye kikoi, kisha hubuni. Kile kikali kuliko vyote amekipa jina la mkwewe, Mwanapili. "Hiki hukimalizi," huwaambia, "unakivumilia tu." Mimi dereva hucheka kwa woga, maana kwetu mkwe hatajwi jina hata ukiwa peke yako chooni.

Juzi mgeni mmoja anayejifunza Kiswahili alifika kileleni akihema, akapiga kelele: "Mwanapili, umeniua!"

"Nimekuua mimi?" ikajibu sauti nyuma ya mkarafuu. Akatoka bibi na pakacha la karafuu. "Nani kakwambia jina langu?"

Mgeni, kwa adabu zote, akamnyooshea kidole mtembezaji. Naye alikuwa keshachutama, macho chini. "Shikamoo, mama." Bibi akamtwika pakacha bila kuitikia, tukashuka.

Jina la kilima hajalibadilisha. Ila sasa, kabla ya kulitaja, huchungulia kwanza nyuma ya kila mkarafuu.