Anayeitikia Kutoka Madawati Matupu

Ukungu wa asubuhi umeufunika uwanja wa shule ya Qalani, kwenye nyanda za juu za Bolivia, hata llama wa jirani, wanyama wa manyoya wa milimani, wanaonekana kama mawe yanayotembea. Darasani hamna mtoto hata mmoja, lakini somo limeanza.

"Haya, tano ukitoa mbili?" Yhoselin Ticona, mwanachuo wa ualimu, anayauliza madawati matupu.

"Mwalimu, mkojo umenibana!" anaitikia Eulalia Choque, mwalimu wake mlezi, kutoka dawati la mbele. Ana miaka sitini na tatu. Magoti yake yamegota kwenye meza ya mtoto.

"Nenda, ila urudi."

"Mwalimu, Nely kanifinya!" Sasa Eulalia yuko dawati la tatu.

Yhoselin anacheka. Kisha Eulalia anahamia dirishani, anakuwa Rufo, mtoto ambaye hajasema neno tangu mama yake azikwe. Yhoselin anauliza mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi.

"Binti, huyo si kiziwi," Eulalia anamwambia taratibu. "Muulize mara moja, kisha umngoje."

"Na mkaguzi wa chuo anayekuja leo je? Nikikaa kimya atadhani nimesahau somo. Nikianguka leo, narudia mwaka mzima, na mama hana tena cha kuuza."

"We ngoja tu."

Kwa miaka kumi na tisa Eulalia amewalea wanachuo bila malipo ya ziada. Mchezo huu aliurithi kwa marehemu mumewe, Zenobio, aliyefundisha katika chumba hiki hiki. "Aliwaigiza watoto wote," anasema. "Asubuhi nyingine bado nasikia madawati yakiitikia."

Kengele inalia. Watoto wanaingia na baridi yao, na mkaguzi kutoka chuoni anakaa nyuma. Yhoselin anagawa maharagwe ya kuhesabia, anafika dirishani, anachuchumaa.

"Rufo, tano ukitoa mbili?"

Mkaguzi anatazama saa yake. Yhoselin anamwona, lakini anarudisha macho kwa mtoto, wala hasogei. Nje ukungu unaachia. Jua linagusa meza.

Kidole kidogo kinasukuma haragwe moja. La pili. Yaliyobaki Rufo anayafunika kwa kiganja.

"Naam," Yhoselin ananong'ona. "Matatu."

Mlangoni, baada ya somo, mkaguzi anampa mkono. "Umefaulu. Ulikawia sana pale dirishani," anasema. "Usiache kukawia hivyo."

Eulalia anastaafu Desemba. Anaomba Yhoselin apangiwe Qalani, ili yeye awe akija asubuhi kumwigizia watoto.

"Dawati la dirishani Zenobio alilipenda," anasema. "Kila nikifungua darasa huliuliza limeamkaje. Halafu nangoja."