Taa Nyekundu ya Gari la Baba

Petroli mbichi iliyochanganyika na harufu ya mandazi: hivyo ndivyo asubuhi zetu za mtaa wa Umoja zilivyonukia Desemba ile ya miaka ya tisini, kwa kuwa gari la baba liligoma kuwaka majirani wakiwa bado wanapika chai. Lilikuwa kuukuu kunizidi umri, rangi ya maziwa yaliyochacha. Baba alikuwa ameapa kwamba Krismasi hiyo tungekwenda nyumbani Bungoma ndani yake, si kwa basi. Mama alimpa hadi Ijumaa. Lisipowaka lenyewe, angepanda basi na watoto, na baba abaki Nairobi na chuma chake.

Tatizo lenyewe hakuna aliyelielewa. Jioni taa za mbele zilififia zikawa manjano kama kiini cha yai; asubuhi ufunguo ulitoa mlio mmoja mkavu, tukalisukuma. Baba alinunua betri mpya, nayo ikafa kama ya kwanza. Akasugua plagi kwa msasa. Akakaza mkanda wa altaneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka. Bwana Salim mwenye duka akashikilia kwamba ni koili, kile kifaa kinachozipa plagi cheche za kuwasha petroli.

"Baba Wafula, watu hupanda magari," alisema siku moja akisukuma nasi, kanzu ameikunja kiunoni. "Hili lako linakupanda wewe."

"Sukuma, Salim. Mdomo hauna magurudumu."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila niliyemuuliza alinipa jibu lake, na majibu yakagongana kichwani mwangu hadi nikashindwa hata kujua swali lilikuwa lipi.

Alhamisi mama akaja na lake. Zamani kidogo, mkanda ulipokuwa umelegea, taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi ilikuwa haizimiki njiani, naye alikuwa haiondolei macho. Baba akaing'oa balbu ili mkewe apate amani. Sasa mama aliitaka irudi.

"Sipeleki watoto wangu Bungoma kwa gari lililozibwa mdomo."

"Mama Wafula, hiyo haifanyi kazi yoyote. Inasema tu."

"Basi iache iseme."

Baba akairudisha huku amenuna. Tukasukuma, injini ikashika, na ile taa nyekundu ikazimika yenyewe. Taa za mbele zikang'aa hadi kwenye ukuta wa duka. Baba aliliacha lingurume mpaka akaanza kuionea petroli huruma. Ijumaa alizungusha ufunguo, likawaka. Baba akasema ni plagi zake. Salim akasema koili nayo hujirudi. Mama akasema ni maombi. Njiani kwenda Bungoma nilikaa nyuma, nimebanwa na mikate, nisijue nimwamini nani.

Shule niliiacha mapema, nikatangatanga gereji za Njiru, Eldoret hadi Moshi. Huko fundi mmoja wa umeme alinieleza kwamba katika baadhi ya magari ya zamani, umeme mdogo unaoiamsha altaneta hupitia kwenye balbu ile ile. Ukiitoa, mashine huzunguka bure. Maneno niliyaelewa. Ila taa ya kutangaza ugonjwa iwe ndiyo inayomlisha mgonjwa? Hilo bado linanizunguka. Baba alifariki akizisifu plagi. Siku hizi gari huunganishwa na kompyuta, likajibu, ubishi ukaisha. Ni vizuri, nadhani. Lakini sijapanda tena gari ambalo kila aliyemo ana sababu yake ya kuamini litafika.