Kifundo cha Mkono wa Asger

Kwa miaka thelathini na moja muuguzi Vibeke alichoma watu sindano kwenye kifundo cha mkono, wodi ya mahututi, huko Jutland kaskazini, nchini Denmark. Vidole viwili juu ya mshipa unaodunda, sindano, kisha mbio hadi kwenye mashine inayopima hewa iliyomo katika damu. Sindano ile inauma, asikudanganye mtu. Wanaume wazima na ndevu zao hutoa machozi.

Mapafu ya Asger, mumewe, yalipochakaa, alilazwa wodi hiyohiyo, na Vibeke akamchoma mwenyewe maana hakumwamini mwingine. Mchana mmoja Asger akaficha mkono chini ya blanketi.

"Leo usinichome, Vibeke. Nishike tu mkono."

"Acha utoto, mume wangu. Nikimaliza nitakushika."

Akamchoma, akakimbilia mashine. Aliporudi, Asger alishazama usingizini, na hakuamka tena. Siku ya kumuaga, mbele ya jeneza, Vibeke akamshika mkono hatimaye, na vile vidole viwili, kwa mazoea tu, vikaenda kutafuta mapigo. Jamani, alijichukia.

Mwaka uliofuata madaktari wakataka kulinganisha. Kila mgonjwa atolewe damu mara mbili kwa wakati mmoja: kifundoni, na kwenye mshipa wa kiwiko, usiouma sana. Vibeke akapima miezi minane. Asidi ya damu ilikaribiana mno pande zote mbili. Hewa chafu, ile ya kaboni, ikiwa chini kiwikoni, basi na kifundoni iko chini. Oksijeni ndiyo iliyokataa katakata kulingana, lakini hiyo kuna kidude cha kubana kidoleni kinachoipima. Ikaamuliwa kwamba wengi hawatachomwa tena kifundoni. Wenzake wakakata keki. Yeye akajifungia stoo akalia, kwa kuwa hakujua kama Asger angekuwa miongoni mwa hao wengi, na alimkumbuka kwa uchungu kuliko siku ya mazishi.

Wa kwanza kupimwa kwa njia mpya alikuwa Mzee Thorvald, mfuga nguruwe. Akanyoosha kifundo, akafumba macho. Vibeke akatoa damu kiwikoni, akampa mwenzake aipeleke kwenye mashine.

"Bado?" mzee akauliza, macho kayafumba vilevile.

"Nimeshamaliza, mzee wangu."

Mkono ukabaki umenyooshwa. Vibeke akaupokea. Vidole viwili vikaanza kutafuta mapigo. Akavizuia, akaushika kwa kiganja kizima.

"Mbona mkono wako umepoa hivyo, mama? Kaa upate joto."

Akakaa. Mwenzake alimwita mara mbili, yeye akazidi kuushika ule mkono. Hiki tu ndicho Asger alichomwomba.