Vidonge vya Mama, Makongeni

Leo nimemdanganya mume wangu na wala sijuti.

Nimetoka sokoni nikamkuta ameshika pakiti ya vidonge vyangu vya homoni.

"Hii dawa ni ya nini?"

Nikamkumbuka Mama, Makongeni, miaka ya themanini, kwenye chumba chetu cha nyumba za wafanyakazi wa reli. Hedhi ilikuwa imekoma, na joto lilimpanda mpaka akawa analala chini kwenye sakafu ya simiti. Wamama wa kanisa walimchemshia mwarobaini mpaka wakachoka. Mwishowe daktari akampa vidonge kama hivi.

Baba akavipata chini ya godoro. Yeye pakiti kama hiyo aliijua kwa kazi moja tu.

"Umri huu, unapanga uzazi na nani?"

Tulikuwa hapo, watoto wote. Mama angeanzaje kutaja hedhi? Alienda akavitupa chooni, akarudi kwenye simiti yake. Alilala hapo miaka.

Basi leo nikajibu, "Ni ya presha."

Jamani, akanipa pole. Akaniletea na maji ya kumezea.

Miaka yote hii, na bado afadhali niwe na presha.

Nyinyi wanawake wenzangu, dawa yenu mnasema ni ya nini?